Mjane Asiyejua Kukaa

Kukaa eda si kazi ngumu kwa mtu anayejua kukaa. Unatandikiwa mkeka, unavaa nguo isiyo na mapambo, wanja na manukato unaviweka kando, hutoki nje bila dharura, na miezi inajipitia yenyewe. Shida ya Najiat ni kwamba hakuwa mtu wa kukaa tangu azaliwe. Mtaa mzima wa Gongoni ulijua hivyo, na Gongoni nzima ilikuwa ikimtazama kwa jicho la pembeni ione kama atafika mwisho au atachomoka njiani.

Alikuwa dereva wa bajaji, mwanamke pekee kwenye kijiwe chao karibu na stesheni ya reli. Alipakia abiria wa treni akawapeleka sokoni, akapakia wa sokoni akawapeleka hospitali, na mara mojamoja akapata wageni wanaotaka kuiona njia ya zamani ya misafara upande wa Kwihara. Hao aliwapeleka huku akiwasimulia historia, na nusu ya historia hiyo aliitunga palepale kwenye usukani. Babu zake upande wa baba walikuwa wapagazi, Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani na kurudi kwa miguu. Abbasi mumewe alipenda kusema kwamba miguu ya wale wazee imemwangukia mjukuu, na haijapata taarifa kwamba safari zilikwisha.

Na bajaji peke yake haikumtosha. Alfajiri baada ya sala alifanya yoga uani, aliyojifunza kwenye simu baada ya nesi kumwambia kwamba kiti cha bajaji kitammaliza mgongo. Jumatatu na Jumatano jioni alicheza vitara, ule mchezo wa panga nyembamba zenye kitufe kwenye ncha, kwa mwalimu Anton, kijana wa Ulyankulu aliyejifunzia mchezo huo Dar alipokuwa chuoni na kurudi na vifaa vichache vilivyochakaa. Jumamosi alikwenda kwa mzee Masanja, askari mstaafu, aliyewafundisha kina mama kujihami kwenye uwanja wa shule. Huko alianza kwenda baada ya abiria mmoja kumtolea kisu na kumpora simu.

Vitu hivyo vitatu havikupatana hata kidogo. Anton alisema usimpe mpinzani mgongo, simama kwenye mstari wako. Masanja alisema ukiona upenyo, toka mbio, ushujaa waachie polisi. Yoga nayo ilisema tulia, usifanye chochote, vuta pumzi. Najiat alivigawia wiki kama mama anavyogawa mboga kwa watoto watatu wagomvi, na kila kimoja kilipata sehemu yake. Kimoja tu kilimshinda, nacho ni lile pozi la mwisho la yoga, la kulala chali mikono pembeni bila kutikisika. Siku zote alilikatisha, akainuka kwenda kuwasha bajaji.

"Wenzangu wanaoa," Abbasi aliwaambia wateja wake, "mimi nimetiwa kwenye uke wenza na michezo mitatu." Alisema hivyo, na hao hao wateja wakamwona akikichukua kitara cha mkewe kilicholegea mpini, akaukaza na kuuvika mpira wa usukani wa baiskeli. Alikuwa fundi baiskeli, mrefu, mpole, mwenye grisi isiyotoka kwenye kucha. Walipendana kwa namna yao, yeye akichelewa kila mahali na mkewe akiwahi kila mahali.

Abbasi alianguka kibandani kwake akiziba pancha. Moyo, walisema hospitali. Najiat alipigiwa simu akiwa njiani na wageni wa Kwihara, akageuza bajaji nao wakiwa ndani, na alipofika hapakuwa na la kuwahi.

Siku za matanga alifanya jambo lililowaudhi watu. Alihudumia. Mjane mwenyewe, badala ya kukaa ndani na kushikwa mikono, akaonekana anahamisha mikeka, anateka maji, anauliza kama sukari ipo. Wanawake wazima wakamkalisha, akainuka. Wakamkalisha tena. Na katika kukalishwa na kuinuka kote huko, hakuna aliyemwona akitoa chozi.

"Hata moja?" aliuliza wifi yake, Anifa, dada wa marehemu, kwa sauti iliyokusudiwa kufika ndani. "Hata la kusingizia? Kaka yangu amezikwa kama kuku!"

Anifa alitaka mjane akakalie eda nyumbani kwake, chini ya macho yake. Hapo ndipo Bi Mwamvita, mama mzazi wa Abbasi, alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alisema, "Atakaa hapa kwangu. Mkwe wangu namjua." Hakuongeza neno, na hakuna aliyethubutu kubishana na mama aliyetoka kuzika mwana.

Maneno hayo yalimwelemea Najiat kuliko matusi ya wifi. Maana yeye mwenyewe hakuwa na uhakika kama anajulikana. Usiku na mchana alijiuliza swali lilelile: je, nilimpenda kweli? Mbona silii? Alitafuta huzuni ndani yake, akakuta muwasho wa miguu tu. Aliogopa kwamba eda itakwisha, watu watamwosha na kumwombea dua, atawasha bajaji yake na kuondoka, na Abbasi atabaki mtu asiyeliliwa na mkewe. Na yule mama, aliyemdhamini mbele ya ukoo mzima, atakuwa amedhamini jiwe. Alitaka amlilie mumewe ndani ya nyumba ile, kabla eda haijakwisha. Hakujua pa kuanzia.

Basi alikaa. Alikunja miguu, akaikunjua. Alipanga vyombo vilivyokuwa vimepangwa. Treni ikipiga honi stesheni, mwili mzima ulishtuka kwenda kugombania abiria. Bajaji yake ilikuwa imeegeshwa nyuma ya nyumba chini ya turubai, karibu kabisa na dirisha la chumba walichokuwa wakiishi na Abbasi, na upepo ukipiga lile turubai aliona kama inamwita. Wageni walikuja wakakaa naye, wakasema "subira, mwanangu," yeye akaitikia huku kidole gumba cha mguu kikicheza chini ya kanga, hakijui kwamba kuna msiba.

Siku moja akaja Rustika. Huyu alikuwa mwenzake wa vitara, dada wa Anton, mkulima wa tumbaku na maharage kule Ulyankulu, Mkatoliki aliyezaliwa na wakimbizi wa Burundi. Mambo ya eda aliyajua kwa kusikia juujuu. Alishuka kwenye bodaboda na kiroba cha maharage, akampa Bi Mwamvita shikamoo ya magoti, akaitikiwa marahaba, akakaa na mfiwa kwa adabu zote. Bi Mwamvita alipokwenda jikoni, Rustika akachomoa kutoka kwenye kiroba kitu kirefu kilichoviringishwa kitenge.

"Nimekuletea kitara chako," alinong'ona. "Kilibaki kwenye ukumbi wa mazoezi. Na Anton amekurekodia mazoezi, nimekutumia kwenye simu. Kasema usipochezesha miguu utasahau yote."

"Rustika we! Niko edani!"

"Najua. Nani kasema utoke? Si uchezee humuhumu ndani?"

Lilikuwa wazo la mtu asiyejua mila za watu, na kusema kweli halikuwa na kosa. Najiat alilichambua usiku kucha. Kutoka nje hakutoka. Kujipamba hakujipamba. Mwanamume hamwoni. Kwa hiyo kesho yake mchana, mama mkwe alipojitanda na kushika kikapu kwenda sokoni kama kawaida yake, Najiat alifunga mlango wa chumba, akavaa suruali yake ya mazoezi, akasimama kati ya kitanda na kabati. Chumba kilikuwa kidogo. Hatua mbili mbele na ncha ya kitara inagusa ukuta.

Tangu siku ile ile wiki yake yote ya zamani iliingia chumbani. Alianza na yoga, akaikatisha mwishoni kama ada yake. Akaenda kwenye kitara. Kisha akaliegemeza godoro ukutani akalipiga viwiko na magoti alivyofundishwa na Masanja, mpaka sufi ikalalamika. Mama mkwe akirudi alimkuta mkekani, amejifunika, jasho limekauka. Aliona aibu, lakini alikula vizuri na kulala. Asubuhi muwasho ulikuwa umerudi pale pale, na machozi hayajaonekana. Akaongeza mazoezi.

Sasa, Anifa alikuwa na tabia ya kutembelea nyumba ya mama yake bila kubisha hodi ya kusikika. Mchana mmoja alikuja na majirani wawili kuleta uji. Sebule ilikuwa tupu, mama hayupo. Wakakaribia chumba cha mjane, na mlangoni wakaganda. Ndani kulikuwa na kishindo cha miguu. Kulikuwa na mtu anahema. Na kulikuwa na sauti ya mwanamume, nzito, ya lafudhi ya Ulyankulu, inasema: "Mbele! Nyuma! Vizuri sana. Tena!"

Mimi siwezi kumlaumu Anifa kwa alichokiwaza. Mwanamume chumbani kwa mjane aliye edani, mchana kweupe, ndani ya nyumba ya marehemu! Ninachomlaumu ni alichokifanya. Hakugonga mlango wala hakuita jina. Alichukua kufuli lililokuwa likining'inia kwenye komeo pamoja na ufunguo wake, akalibana kwa nje, akaweka ufunguo kifuani, akatoka barazani akapaza sauti. Ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai, uani mbele ya nyumba palikuwa pamejaa. Waliacha cherehani, waliacha vyungu, bajaji mbili zilisimama. Mtu akatumwa kumwita shehe Abdulatifu msikitini.

"Nimewafungia wote wawili!" Anifa alipiga kelele. "Leo mtamwona huyo mtakatifu wenu!"

Najiat alisikia yote akiwa amesimama na kitara mkononi. Alisukuma mlango, haukufunguka. Simu juu ya kabati ikaendelea kumhimiza asogee mbele, naye kwa fadhaa hakukumbuka hata kuizima. Damu ilimpanda. Hasira ilikuja kwanza, hasira ya kuvunja mlango, na alijua viungo gani vya mwili vinavunja mlango. Nyuma ya hasira ikaja hofu. Hao watu wataingia, watamkuta na suruali, na upanga, na godoro limesimama ukutani. Nani atasikiliza maelezo?

Akatazama dirisha. Halikuwa na nondo, Abbasi alikuwa kila siku anasema atazitia kesho. Turubai lilikuwa hapo chini, ufunguo wa bajaji ulikuwa kwenye msumari. Watu wote walikuwa upande wa mbele. Upenyo ulikuwa huo, na mzee Masanja alikuwa amemfundisha la kufanya. Dakika kumi angekuwa kwa baba yake, mtaa wa Isevya. Eda ingekuwa imevunjika, lakini miguu ingekuwa huru, na wangesema wanachotaka kusema, si walikuwa wanasema tayari? Akajifunga mtandio, akachukua ufunguo, akapandisha mguu mmoja dirishani, akaupitisha nje. Upepo ulimgusa kifundo. Hajawahi kutamani kitu kama alivyotamani usukani ule.

Ndipo akamsikia mama mkwe. Bi Mwamvita alikuwa anarudi, na kelele zilimpokea langoni. Anifa alimweleza kila kitu kwa pumzi moja, na wale majirani wakaapa kwamba sauti waliisikia kwa masikio yao.

Kisha yule bibi akasema, bila kupaza sauti, "Hapana."

"Mama, tumemsikia! Mwanamume, anasema mbele, nyuma!"

"Nimekwambia hapana. Namjua mke wa mwanangu. Lete ufunguo."

Hakuwa ameona kitu. Hakuwa na ushahidi wowote wa kumtetea. Alikuwa na neno lake tu, lilelile alilolitoa siku za matanga, na alikuwa analitoa tena mbele ya mtaa mzima, wakati yule anayemtetea ana mguu mmoja nje ya dirisha. Najiat aliuona mguu ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaurudisha ndani. Akakaa chini sakafuni, kitara mapajani, akasubiri.

Bi Mwamvita aliingia peke yake na kufunga mlango nyuma yake. Alitazama godoro. Alitazama suruali. Alitazama kile chuma chembamba chenye mpini wa usukani wa baiskeli, na macho yake yakakaa pale muda mrefu. Juu ya kabati sauti ikasema, "Usichoke! Tena!"

"Mwanamume mwenyewe ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye huyu, mama. Mwalimu Anton. Amerekodiwa."

Bibi akaichukua simu ikiwa bado inahesabu hatua, akafungua mlango kiasi cha kupitisha mkono, akampa bintiye. "Mgeni wako huyu," alisema. "Mkaribishe uji." Kisha akafunga.

Uani waliisikia simu, kwanza wachache, halafu wote. Mtu mmoja akacheka kwa pua. Shehe Abdulatifu, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, aliuliza kuna nini, akaonyeshwa simu, akasema "Astaghfirullah" na kurudi alikotoka. Watu wakaanza kukumbuka vyungu vyao vilivyoachwa motoni. Anifa alibaki barazani ameshika sauti ya Anton mkononi, hajui inazimwaje.

Ndani, Najiat alikuwa na maneno mengi na hakuna lililotoka kwa mpangilio. Alisema samahani. Alisema hakutoka nje hata siku moja. Kisha akasema kile alichokuwa hajamwambia mtu: "Mama, mimi siwezi kukaa. Nikikaa nawashwa. Nimejaribu kulia, sijui. Labda Anifa anasema kweli. Labda mimi sina moyo."

Bi Mwamvita aliteremka polepole, akakaa sakafuni karibu naye, akatua kikapu. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Unadhani mimi nakwenda sokoni?" alisema. "Sokoni nina haja gani kila siku, watu wawili sisi? Nakwenda kibandani kwake. Nasimama ng'ambo ya barabara natazama ule mlango uliofungwa. Nikichoka kusimama nazunguka stesheni, narudi, nasimama tena. Juzi kijana mmoja akaniuliza, bibi, unamsubiri fundi? Nikamwambia ndiyo." Akagusa ukingo wa kikapu. "Hata mimi sijakaa, Najiat. Wewe umefungiwa ndani, ndiyo maana unaonekana."

Najiat alitazama mikono ya yule mama juu ya ukingo wa kikapu, ikisuka na kufumua uzi mmoja uliochomoza.

"Haya," alisema bibi baadaye. "Nionyeshe hayo unayoyafanya humu. Usinifiche kitu."

Akamwonyesha. Hatua za kitara, mbele na nyuma. Viwiko kwenye godoro. Mikunjo ya yoga, ambayo bibi aliisindikiza kwa kusema "ala!" Najiat akasimama akihema, akasema yamekwisha.

"Yamekwisha yote?"

"Limebaki moja. La kulala chali na kutulia. Hilo siliwezi, mama. Zamani lilinichosha tu. Sasa nikilala, anakuja."

"Nani anakuja?"

"Abbasi. Anaingia mlangoni, anavua kofia, anaangalia pa kukaa. Mimi naamka kabla hajakaa."

Bi Mwamvita alifunga macho. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba.

"Mwache akae," alisema. "Mwache mwanangu akae, Najiat. Alikuwa anasimama kutwa nzima."

Akaunyoosha mkeka kwa mikono yake. Najiat akalala. Miguu iliruka mara moja, mara mbili, kutaka kuondoka, na bibi akaiwekea kiganja juu ya vifundo, si kwa nguvu. Nje mtu alikuwa anafagia uga. Najiat akavuta pumzi, akaitoa, akafumba macho. Mlango ukafunguka. Akavua kofia. Akatazama kulia na kushoto kwa ule ukawaida wake wa mtu asiye na haraka. Mwili wote wa Najiat ulisema inuka, kimbia, naye hakuinuka. Abbasi akaona pembeni pa kitanda, akakaa, akanyoosha miguu mbele yake, akashusha pumzi.

Kilio kilitoka chini sana, na kilipotoka hakikuwa na adabu. Kilipita mlango, kikapita baraza, na wanawake waliokuwa wamebaki uani wakanyamaza. Anifa aliiweka ile simu chini, akaja taratibu mpaka kizingitini, akakaa palepale chini, akajifunika uso kwa kanga. Mtu akilia msibani watu humwambia basi, nyamaza, jikaze. Majirani wawili walisogea kusema hivyo. Bi Mwamvita akawainulia mkono warudi, naye akaendelea kushika miguu ya mkwe wake, na hakumwambia anyamaze.